Sherehe Tuliyoiita Chakula

Tarehe kumi na saba mwezi wa tatu, Jumatatu asubuhi, nilimpoteza mke wangu. Aliamka kabla yangu kama kawaida, akawasha moto, akateleka maji. Nilimsikia akikohoa kidogo jikoni, kisha sikusikia kitu. Nilipotoka nilimkuta amekaa chini ameegemea ukuta, maji yanachemka. Daktari alisema ni presha. Nilikubali, kwa sababu sina elimu ya kubishana na daktari, na kwa sababu jibu lolote siku ile lingekuwa sawa tu kwangu.

Mimi ni fundi mwashi. Nilisoma mpaka darasa la saba, na kuandika si kazi yangu. Ninaandika haya kwa ajili ya jambo lililotokea nyumbani kwetu Mjimwema miezi michache baada ya mazishi, siku ya kumuaga binti yetu. Mtaani wamelisimulia kwa namna nyingi, wengine wakicheka, na sina kinyongo nao. Ila wakisimulia hawamtaji mke wangu, na bila yeye halieleweki vizuri.

Mke wangu alilipenda neno sherehe. Alilitumia mahali ambapo watu wengine hawalitumii. Ukirudi Jumatano na nusu kilo ya nyama, atasema leo kuna sherehe. Umeme ukirudi baada ya kukatika siku nzima, sherehe. Tukimaliza kupukuchua mahindi, atanawa mikono, atachemsha chai ya tangawizi, atawaita watoto waje haraka kwenye sherehe. Walipokuwa wadogo walikimbia wakitegemea soda, wakakuta viazi vya kuchemsha.

"Soda iko wapi sasa?" binti yetu aliuliza siku moja. Alikuwa darasa la kwanza au la pili.

"Soda ni ya pati. Wewe umealikwa sherehe. Kaa ule."

Alinuna, akala viazi vitatu.

Sijui mke wangu alilitoa wapi jambo hilo. Kwao hawakuwa hivyo. Dada yake mkubwa, ambaye nitamtaja sana hapa, ni mtu wa kupima maneno. Kwake yeye sherehe ni Krismasi, Pasaka, sikukuu ya somo wa parokia, ubatizo, komunyo, kipaimara na ndoa. Kisha basi. Nami nililelewa hivyohivyo. Kijijini kwetu watu wakivuna vizuri walipika pombe na kucheza lizombe mpaka vumbi lifunike miti, lakini hakuna aliyesema kuna sherehe. Tulisema kuna ngoma. Sherehe ilikuwa ya kanisani au ya serikali, yaani lazima awepo mtu amevaa vizuri anayesimama mbele na kusema karibuni.

Hapa mjini maneno yameongezeka pamoja na watu. Watumishi na walimu waliohamia kutoka mikoa mingine walikuja na sendofu, na kicheni pati, na bethdei ya mtoto wa mwaka mmoja ambaye mwenyewe analia tangu mwanzo hadi mwisho. Siku hizi sisi wenyeji tunafanya yote hayo, na kamati juu yake, na ukumbi, na mshereheshaji anayepiga kelele kwenye maiki. Sisemi ni vibaya. Nimejenga kuta za kumbi mbili za namna hiyo na nimelipwa vizuri. Ila nimeona pia kwamba mtu akisema pati, watu huuliza kuna nini cha kula. Akisema shughuli, wanauliza waje kusaidia nini, maana shughuli inaweza kuwa harusi na inaweza kuwa msiba. Akisema sherehe hawaulizi kitu. Wanakwenda kupiga pasi nguo.

Baada ya mazishi neno hilo liliondoka nyumbani kwetu. Hakuna aliyelikataza. Nyama ililetwa ikapikwa, umeme ulikatika na kurudi. Binti yangu aliweka chakula mezani akasema, "Baba, karibu," nami nikala. Mara moja nilimwona anafungua mdomo, mkononi ana kuku aliyeletwa na jirani, kisha akaufunga. Nilijua alitaka kusema nini. Nilishukuru kwamba hakusema.

Sasa binti huyo alikuwa mchumba wa mtu tangu mwaka uliopita. Kijana ni mwalimu, kwao ni Nakapanya, kule Tunduru, wanalima korosho. Ukoo wao umechanganyika, baba Mwislamu, mama Mkristo, na kijana alibatizwa upande wa mama. Mke wangu ndiye aliyewapokea walipoleta barua, na ndiye aliyekubaliana nao kwamba ndoa ifungwe likizo ya katikati ya mwaka, huko Tunduru, na sisi tumuage binti hapa nyumbani wiki moja kabla. Tangazo kanisani lilikuwa limeanza kusomwa. Kijana akipitisha likizo ile, hana nyingine mpaka mwisho wa mwaka.

Tatizo lilikuwa arobaini. Kwa haki arobaini hutangulia, ndipo nyumba inafunguliwa. Lakini ya mke wangu tulikuwa tumeiahirisha mpaka tuvune, kisha ikaahirishwa tena kwa sababu kaka yake, ambaye kwa mila ndiye wa kugawa nguo za marehemu, yuko mbali kikazi na angefika mwezi wa nane. Kwa hiyo binti aagwe kwenye nyumba ambayo bado ina msiba, au asiagwe kabisa.

Dada mkubwa wa mke wangu alikuja kutoka Ruhuwiko kuzungumza. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, si kwenye kiti. Binti alikaa karibu na mlango akichambua maharage.

"Shemeji," akaniambia, "mtoto aagwe. Mimi sikatai mtoto kuagwa. Nakataa sherehe. Mdogo wangu hajafanyiwa arobaini, nyumba hii haiwezi kupiga muziki."

"Sawa," nikasema.

"Sawa nini, baba?" binti akauliza. "Mama mkubwa, watu wanatoka Nakapanya. Wanasafiri nusu siku. Wakifika hapa tuwafanyie nini?"

"Tuwape chakula."

"Chakula gani?"

"Wali na nyama. Na maharage."

"Pilau."

"Pilau ni ya sherehe. Wali mweupe hauna kosa lolote, hata maaskofu wanakula."

Binti aliangua kicheko, na mama mkubwa mwenyewe akakaza midomo asicheke. Wale wawili wanapendana. Ugomvi wao siku zote una kicheko ndani yake, hujui utaishia wapi. Lakini mara hii binti alisukuma ungo wa maharage pembeni.

"Mama alisema atanifanyia sherehe," akasema. "Alisema mwenyewe, mbele yako, mwaka jana. Sitaki ukumbi. Sitaki keki. Nataka siku hiyo iitwe jina lake. Baba, ni sherehe au siyo?"

Wote wawili walinitazama.

Nitasema nilichofanya kama kilivyokuwa. Nilisema, "Tuite chakula. Chakula cha familia cha kumuaga mtoto." Nilisema hivyo kwa kuwa shemeji angekubali, na kwa kuwa mdomo wangu usingeweza kutamka lile neno lingine. Tangu Jumatatu ile sikuwa nimelisema hata mara moja. Niliona kama nikilisema kwa ajili ya jambo lolote bila mke wangu kuwepo, basi nitakuwa nimekubali kwamba hayupo. Binti alichukua ungo wake akaendelea kuchambua.

Jumapili iliyofuata, baada ya sala ya jumuiya, mwenyekiti wetu, mama mmoja mwenye sauti nzuri na moyo mwepesi, aliniuliza kama nina tangazo. Nikasimama. Nikasema Jumamosi nyumbani kwangu, saa sita mchana, kutakuwa na chakula cha familia, na wanajumuiya wote wanakaribishwa. Nikakaa. Watu waliitikia kwa kichwa, polepole, na mzee aliyekaa jirani yangu akanishika goti. Nilidhani ananipongeza kwa ajili ya binti.

Jumamosi ile kulikuwa na baridi ya mwezi wa sita, upepo wa asubuhi unapenya kwenye sweta. Shemeji alifika alfajiri na sufuria zake. Kijana wetu mkubwa hakuweza kupata ruhusa kazini Dar es Salaam, alipiga simu tu. Dada yangu aliyeolewa Tunduru alikuwa amekuja tangu Alhamisi, kwa sababu binti angeondoka naye siku hiyohiyo, afikie kwake mpaka siku ya ndoa. Niliazima viti vya plastiki kwa jirani, nikavipanga uani kwa safu.

Saa nne wanawake wa jumuiya wakaanza kuingia kusaidia kupika. Niliona wamebeba unga kwenye mabakuli na kuni kichwani. Nikawaza, ni watu wema. Kanga walikuwa wamejifunga mbili mbili, moja kiunoni na moja kichwani, na walipita mbele yangu kwa kuinama kidogo. "Pole, baba," mmoja akasema. Nikaitikia, "Ahsante," kwa kuwa nimezoea kuambiwa pole. Wakaingia jikoni. Hakuna aliyecheka huko ndani, na wanawake wakipika pamoja bila kicheko kuna jambo, lakini mimi nilikuwa nahangaika na kiti kimoja kilichovunjika mguu.

Walipoanza kufika wengine ndipo nilipotazama vizuri. Wanaume walikwenda moja kwa moja upande wa nyuma wa uani, wakakusanya matofali yangu yaliyobaki, wakakaa juu yake kuzunguka moto, wakazungumza kwa sauti ya chini. Wanawake waliondoa viti nilivyopanga, wakavirundika ukutani, wakatandika mikeka. Wakakaa chini wamenyoosha miguu. Mama mwenyekiti alitoa rozari kwenye mkoba wake, akaibusu, akaanza.

Nilisimama pale katikati ya uani nikiwa nimeshika mguu wa kiti. Nilielewa yote kwa mara moja. Nyumba ya mfiwa, arobaini bado, mwenye nyumba anasimama kwenye jumuiya na uso mzito, anatangaza chakula. Nani angefikiri kitu kingine? Ningekuwa mimi ndiye niliyealikwa, ningekuja na kuni vilevile.

Nilikwenda jikoni kumtafuta shemeji.

"Wanadhani ni arobaini," nikamwambia.

"Nimewaona."

"Uliwaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu. Wamekuja wanasali. Nitawakatazaje watu kumwombea mdogo wangu?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Inawezekana ulikuwa moshi. Sikuweza kumlaumu, maana sala ile ilikuwa ikiingia hata mwilini mwangu. Wanawake wapatao thelathini wakisema Salamu Maria kwa pamoja kwenye uani wako, kwa ajili ya mkeo, si kitu unachoweza kukisimamisha. Kusema kweli, kwa muda nilifikiri niache iwe hivyo. Tumwombee, tule, watu waende.

Kisha nikamwona binti dirishani. Alikuwa amesukwa nywele tangu jana yake, amevaa gauni la kitenge cha bluu na njano ambalo dada yangu alimshonea Tunduru. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia, amelishika kwa vidole viwili, anatazama mikeka. Hakuwa analia. Alitazama tu, kama mtu anayesoma ubao wa matokeo.

Rozari ilikuwa kwenye fungu la nne gari la wageni lilipoingia. Walilala gesti mjini, kwa hiyo walikuja wameoga na kupendeza. Kosta iliingia na vigelegele, mikono imetoka madirishani inapunga vitambaa, mama mmoja amesimama mlangoni anacheza kabla gari halijasimama. Kisha wakaona uani. Vigelegele vilikatika kimoja kimoja, cha mwisho kilikuwa cha yule mama wa mlangoni, ambaye alikuwa amegeuka upande mwingine.

Mshenga wao alishuka kwanza, mzee mrefu mwenye kofia ya kufuma. Ni Myao, na Wayao na sisi Wangoni ni watani tangu wazee wetu walipopigana. Alisimama akatazama mikeka, akatazama rozari, akatazama wanaume kwenye matofali.

"Hodi wenyewe," akasema. "Tumekosea nyumba? Sisi tuliambiwa kuna bibi harusi."

Akasogea hatua mbili.

"Au mmemuua tusimpate? Wangoni, vita viliisha zamani. Siku hizi mkitaka kumficha mtoto mnasema tu mmeghairi, hamtutishi kwa matanga."

Mwanaume mmoja kule nyuma alicheka ndani ya kofia yake. Mama mwenyekiti akainuka, magoti yakalia.

"Karibuni, wazee wetu. Tuko kwenye arobaini."

"Arobaini ya nani?"

"Ya mama mwenye nyumba."

Mshenga akaacha utani palepale. "Alipozikwa tulikuwepo," akasema kwa sauti nyingine. "Lakini arobaini hatukuambiwa. Tungekuja na mchele." Akageuka kwenye gari akanong'ona. Niliwaona wale wanawake waliovaa magauni ya kumetameta wakifungua mikoba, wakitoa kanga, wakijifunika. Walishuka mmoja mmoja wameinamisha vichwa, wakaja kukaa pembeni ya mikeka. Yule aliyekuwa anacheza mlangoni alikaa wa mwisho, akafuta rangi ya mdomo kwa ncha ya kanga. Bwana harusi alibaki kwenye ngazi ya gari na maua ya plastiki mkononi.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Binti alitoka peku, viatu vyake vya visigino kavishika. Alipita katikati ya mikeka, watu wakikusanya miguu kumpisha, akaja mpaka niliposimama.

"Baba," akasema, si kwa sauti kubwa, "mnaniaga au mnanizika?"

Shemeji alikuwa ametoka jikoni, mwiko mkononi. Dada yangu alikuwa nyuma ya binti. Wote walikuwa wakingoja, na safari hii hapakuwa na jina la tatu la kujificha ndani yake. Nilikwisha kulitumia, na matokeo yake yalikuwa yamekaa chini mbele yangu yakiwa na rozari.

Nikasema, "Ndugu zangu, samahanini. Leo si arobaini. Arobaini ya mke wangu ni mwezi wa nane, mjomba wao akifika, nanyi nyote mtakuja. Leo tunamuaga binti yetu." Niliona jinsi ambavyo hiyo nayo isingetosha, maana hata kwenye msiba tunaaga. "Leo ni sherehe," nikasema.

Sauti yangu haikufika mbali. Kule nyuma mzee mmoja ambaye masikio yake yamechoka akauliza, "Amesema nini?"

"Amesema sherehe."

"Sherehe ya nani?"

"Ya binti."

"Sasa tulikuwa tunalia nini?"

Mama mmoja aliyekaa mkekani alijaribu kujizuia akashindwa, kicheko kikamtoka puani, na wa jirani yake akamfuata. Mama mwenyekiti alinitazama kwa muda mrefu akiwa bado ameshika fungu la nne.

"Baba," akasema, "ungetamka hivyo Jumapili ile, mimi ningevaa vizuri."

"Najua, mama."

"Tumalize mafungu yaliyobaki. Halafu mnipe muda nikabadili."

Wakamaliza. Hilo nalo ninataka lijulikane, kwamba walimaliza rozari yote, na Mshenga Mwislamu alisimama na kofia yake mkononi mpaka amina ya mwisho. Kisha uani pakawa kama soko. Wanawake wa karibu walikimbia makwao, wakarudi na magauni na heleni, mmoja bado anafunga zipu. Mikeka ikakunjwa. Viti vikarudishwa. Wageni wakavua kanga zao na kucheka juu ya nani alikuwa ameanza kulia kweli. Mshenga alimwambia mzee yule wa nyuma kwamba Wangoni ni watu pekee duniani wanaoweza kuwakaribisha wakwe kwa kuwafanyia mazoezi ya msiba, na mzee akamjibu kwamba Myao aliyekuja bila mchele hana haki ya kusema.

Muziki hatukuwa nao. Dada yangu aliweka simu yake ndani ya ndoo tupu, sauti ikatoka nzito kidogo lakini ikatosha.

Kwa desturi baba na mama ndio humtoa binti mpaka mbele ya wakwe, wakicheza taratibu. Nilimtazama shemeji, kwa kuwa mama mkubwa ni mama. Alitikisa kichwa, akarudi jikoni. Dada yangu alitaka kuja, binti akamwambia, "Hapana, shangazi. Mimi na baba tu." Tukatembea. Upande wake wa kushoto hapakuwa na mtu. Watu walipiga makofi na vigelegele, nami nilisogeza miguu kadiri nilivyoweza. Ni uani mdogo, nimeujenga ukuta wake mwenyewe, lakini siku ile sikuona mwisho wake. Tulipofika nilimshika mkono nikaukabidhi, na kijana akapokea, akasahau kumpa yale maua mpaka Mshenga alipomkumbusha kwa kiwiko.

Tulikula wali mweupe, nyama na maharage. Hakuna aliyelalamika. Unga na kuni nilisema virudi kwa wenyewe, wakakataa, wakasema nitavihitaji mwezi wa nane.

Ilipofika saa tisa wageni walitakiwa kuondoka ili wasifike kwao usiku sana. Binti alikwenda jikoni kuaga. Nilikuwa mlangoni na begi lake, kwa hiyo niliwasikia.

"Mama mkubwa, naondoka."

"Nenda, mwanangu."

"Umenikasirikia?"

"Nimekasirika. Lakini nimepika."

"Nimeona."

"Sikucheza, usije ukasema kesho kwamba mama mkubwa alicheza."

"Sitasema."

"Njoo hapa. Gauni limekaa vibaya mgongoni." Alimvuta, akakinyoosha kitambaa kilichokuwa kimenyooka tayari, akaendelea kukinyoosha kwa muda. Kisha akamsukuma kidogo begani kuelekea mlangoni.

Kosta iliondoka. Nilisimama barabarani mpaka ilipokata kona. Kisha nilirudi, nikakuta majirani wamekwisha kusanya viti, na shemeji amekaa kwenye kigoda anasugua sufuria kubwa kwa mchanga. Nikachukua ile ya pili, nikakaa kwenye tofali, nikaanza kusugua.

"Ulilisema," akaniambia.

"Nililisema."

"Lilikuwa neno lake hilo. Alikuwa ananiudhi nalo. Anapika mihogo, ananipigia simu eti nije kwenye sherehe. Natoka Ruhuwiko kwa miguu nakuta mihogo."

"Ulikuwa unakuja, lakini."

"Nilikuwa nakuja." Akamimina maji, akasuuza, akainua sufuria kutazama kama imetakata. "Na wewe ulicheza?"

"Nilitembea."

"Nilikuona kwenye ufa wa mlango. Ile haikuwa kutembea."

Alifunika sufuria moja juu ya nyingine, akapangusa mikono kwenye kanga. Jua lilikuwa linazama na baridi imerudi. Nikamuuliza kama nimwitie bodaboda. Akasema amechoka, atalala hapahapa, nimwamshe mapema awahi misa ya kwanza. Akachukua blanketi kwenye kamba, akaingia kulala chumbani kwa binti.